Mguu wa Bwana Marcelino

Njombe,
Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Baba Brightness, kamwene.

Unaona nilivyo mtiifu? Mchungaji alisema kila wiki hadi siku ya harusi tuandikiane barua kwa mkono, mambo ya moyoni yasipitie kwenye simu, na mimi huyu hapa naandika. Wewe najua ulicheka mle ofisini kwake ukajifanya unakohoa. Lakini mzee wa watu ana hoja. Kwenye simu mimi na wewe ni soli, gundi, gari limefika, gari halijafika, halafu mmoja anakata kwa hasira na mtoto anasikia. Basi simu ibaki ya kazi. Barua zitasafiri ndani ya boksi pamoja na kalibu za kushonea viatu, na konda asipozisoma ni bahati yetu.

Brightness anawatangazia watoto wote wa mtaani kwamba baba na mama yake wanaoana. Wenzake wakamuuliza, kwani walikuwa hawajaoana? Akawajibu kwamba walioana kwa mahari, sasa wanaoana kwa keki. Sijui katoa wapi hayo maneno, ila sikumsahihisha.

Sasa boksi. Kalibu nyeupe ni za mwalimu Eveline. Nimeuzunguka mguu wake na simu nikiupiga picha hapa karakana, programu ikaunda umbo, Ambrose akalichapa kwa plastiki kwenye mashine yake kama kawaida. Rangi amechagua mwenyewe kwenye skrini, akabadili na kubadili mpaka chai yake ikapoa. Michoro yake nimekutumia.

Zile nilizozifunga kwa gazeti ni za Bwana Marcelino. Anaoa mwaka huu. Anataka viatu vya kamba, ngozi ya kahawia iliyokoza, na ubavuni majani ya chai yaliyotobolewa kwa vitundu vidogo. Majani nimeyachora mwenyewe kwenye kompyuta, nikayarekebisha yafuate mkunjo wa mguu wake, asije mwingine akavaa yanayofanana. Vipande vimeshakatwa na mashine, kazi yako ni kushona na kuvuta ngozi kwenye kalibu. Naomba kitu kimoja tu: kalibu yake usiiguse kwa tupa. Nakujua. Vishone kama unavyoshona vyako mwenyewe.

Matangazo yetu ya ndoa yataanza kusomwa hapa usharikani Jumapili ya tarehe 3 Novemba, Jumapili tatu mfululizo. Nikiyafikiria nacheka peke yangu jikoni.

Wako,
Rebeka


Makambako,
Ijumaa, 18 Oktoba 2024

Mama Brightness, kamwene sana.

Boksi limefika salama. Konda hakusoma barua, alikuwa amelikalia.

Mimi barua ya moyoni sijui inaandikwaje. Upepo wa huku ni uleule, unaleta vumbi mpaka ndani ya gundi. Malori yamepanga foleni njia panda, madereva wanakuja kushonesha makubazi yao wakipiga kelele kama wako baharini. Nyumba bila ninyi ni kubwa mno. Haya, ya moyoni nimeandika, sasa kazi.

Kalibu za plastiki bado sijazipenda, sikufichi. Fundi Elieza, Mungu amrehemu, alinifundisha kuchonga kwa mti, na mti unakwambia mahali pa kuacha. Hata hivyo ya mwalimu Eveline imekaa vizuri, sina la kusema. Majani yako ya chai nayo mazuri. Nilimwonyesha Stella wa chipsi, akasema angekuwa mwanamume angeoa kesho.

Ila huyu Marcelino. Nimeishika kalibu yake nikaiweka, nikaishika tena. Mguu huu haujakanyaga chini. Mtu akisimama, mguu unatanuka, uvungu wa unyayo unashuka, vidole vinajitafutia nafasi. Huu umelegea, uvungu umepanda juu kama wa mtoto aliyebebwa mgongoni. Kwa hiyo nauliza kama fundi: ulimpima amelala? Amelala wapi, maana karakana yenu haina kitanda?

Jingine. Unakumbuka nilikuambia Elieza alikuwa anasoma miguu ya watu. Kidole cha pili cha huyu bwana kimelipita gumba, na kidole cha mwisho kimejificha chini ya mwenzake. Elieza angesema huyu ni mtu wa wivu na kisirani, kuishi naye ni kazi. Namhurumia huyo bibi harusi.

Mimi,
Amon


Njombe,
Jumanne, 22 Oktoba 2024

Baba Brightness,

Nimeisoma barua yako nikacheka hadi Ambrose akaacha mashine akaja kuuliza kuna nini. Umemsoma vizuri mno huyo bwana. Bibi harusi wake anayajua yote hayo, na anampenda hivyohivyo na vidole vyake.

Umeuliza kama fundi, nakujibu. Bwana Marcelino ni wa Mawengi. Alikuwa anatoka kutibiwa Ikonda, mgongo unamsumbua, hawezi kusimama kwa muda. Alipita hapa na ndugu zake, tukamlaza kwenye benchi la karakana, nikampima hivyo. Ni hayo tu. Wateja wengine ukiletewa huulizi walilala wapi.

Ili uone majani yanakaa wapi, nimekutumia faili lenyewe la mguu kwenye simu. Ligeuze kwa kidole, utaona kila upande. Usipoteze bando lako kulitazama sana.

Mvua imeanza. Ukungu unaingia hadi sebuleni. Jioni tunajifunika blanketi la mama yako, mimi na Brightness, na bado miguu inabaki ya baridi. Njoo uitwe mume wa mtu.

Wako,
Rebeka


Makambako,
Jumatatu, 28 Oktoba 2024

Rebeka,

Nimeandika barua hii nikaichana, hii ni nyingine.

Steven anayeleta viazi kutoka Mawengi alilala kwangu Ijumaa, gari lake liliharibika. Amezaliwa kule, amekulia kule, harusi za kule hachangii tu, ndiye anayebeba viti. Nikamuuliza kuhusu Marcelino anayeoa mwaka huu, mwenye mgongo mbovu. Akafikiri sana. Akasema Marcelino anayemjua yeye ni mzee mwenye wajukuu, na mgongo wake ni mzima, juzi kapanda paa kuezeka. Nikajiambia labda Steven hajui watu wote.

Halafu nikafungua faili lako. Nimeligeuza kama ulivyosema. Simu yako imechukua mguu, ikachukua na kidogo cha kile ulicholalia. Pale chini ya kisigino kuna kipande, hata viganja viwili hakifiki, na rangi zake zimo. Mistari ya zambarau na kijivu. Pembeni uzi wa njano.

Rebeka, uzi ule wa njano aliushona mama yangu kwa mkono wake pale panya walipolitafuna blanketi. Hakuna blanketi lingine duniani lenye uzi wa njano mahali pale. Benchi la karakana yenu halifunikwi blanketi la mama yangu.

Sasa sisemi kitu. Nauliza tu, na naandika kwa mkono kama mchungaji alivyotaka, maana ni la moyoni. Ni mwanamume gani alilala kwenye kitanda changu, akalala usingizi mzito hata ukapata nafasi ya kuuzunguka mguu wake na simu? Na kwa nini viatu vyake nivishone mimi? Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Ungevipeleka kwa fundi mwingine nisingejua, na ningeendelea kuwa mjinga mwenye furaha.

Tangazo la kwanza linasomwa Jumapili hii. Nijibu kabla.

Amon


Njombe,
Ijumaa, 1 Novemba 2024

Amon,

Blanketi ni letu. Kitanda ni chetu. Marcelino wa Mawengi hayupo, jina nilitunga. Yote hayo nakubali, na sitakuongopea tena hata neno moja.

Mguu ni wa nani, hilo sikuambii kabla ya harusi. Nilikuwa nimejiandaa kukuambia kwa njia yangu na siku yangu, na ulipouliza mara ya kwanza ukitania, nilitaka nikuambie palepale. Lakini sasa umeuliza kama hakimu. Nimekaa na wewe tangu unashona chini ya mwamvuli pale stendi. Nimekuzalia. Uliposema watu hawatanunua viatu vilivyochorwa kwenye kompyuta nilikuvumilia, na walipovinunua sikukucheka. Kama baada ya hayo yote unaona kipande cha blanketi na unaona malaya, basi kaa nacho hicho kipande ukitazame vizuri.

Nakuomba uniamini, na naomba mara moja tu. Jumapili majina yetu yatasomwa. Nitavaa gauni la bluu.

Rebeka


Makambako,
Jumatano, 6 Novemba 2024

Rebeka,

Dada Lidia alinipigia kutoka kanisani kwenu akapiga na vigelegele. Kasema majina yetu yalisomwa vizuri, na mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi, na watu wakacheka kwa furaha. Nami nikacheka kwenye simu. Sijui sauti ile niliitoa wapi.

Ambrose wako alifika hapa jana kuchukua ngozi, akitokea kwao Wanging'ombe. Nikamkaribisha chai, nikamwambia avue kiatu nimwangalizie soli. Hakuwa na wasiwasi, alivua huku anahadithia habari za mashine. Nikauweka mguu wake kando ya kalibu. Ni mrefu na mwembamba, vidole vimenyooka kama vya mtoto wa shule. Siyo yeye. Nilitamani awe yeye, nimalize. Alinishukuru kwa soli nisiyoigusa akaondoka, na mimi nikabaki nikitazama miguu ya kila mwanamume anayepita stendi. Hata ya konda. Hata ya Steven, na Steven ni rafiki yangu. Nimekuwa mwendawazimu anayetembea ameinamisha kichwa.

Viatu nimemaliza. Sijawahi kushona vizuri hivi, kwa sababu sitaki aseme fundi alikuwa mbovu. Lakini tupa nimeitumia. Nimeinyoa kalibu pale mbele, upande huu na upande ule, taratibu, msasa juu yake, mpaka haionekani kama imeguswa. Nikavuta ngozi ikakaza. Vikiwa mezani ni vizuri. Akivivaa, kila hatua atakayopiga atanikumbuka, na hatajua kwa nini.

Jumapili ya tangazo la tatu nitakuja Njombe. Mchungaji akiuliza kama kuna mwenye pingamizi, nitasimama mimi. Najua haijawahi kutokea bwana harusi akaipinga ndoa yake. Itatokea. Una wiki hii na ijayo ya kuniambia jina.

Amon


Njombe,
Jumatatu, 11 Novemba 2024

Amon,

Tangazo la pili limesomwa jana. Mama yako alikuja kutoka kijijini na kilemba kipya, akakaa mbele kabisa. Baada ya ibada mchungaji akanishika mkono akauliza barua zinaendeleaje. Nikamwambia zinatusaidia sana. Nimemdanganya mchungaji mlangoni pa kanisa kwa ajili yako.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaenda kuisoma tena nikiwa nimekaa. Sikulia pale ulipotishia kusimama. Nililia pale pa tupa.

Sikuambii jina. Nakwambia kitu kingine, halafu ufanye upendavyo. Umempima Ambrose. Umemkagua konda, umemkagua Steven, stendi nzima umeimaliza. Kuna mwanamume mmoja hapo Makambako umeshona miaka yote hujawahi kumpima. Amewashonea mabwana harusi wa mji mzima, na yeye anatembea na katambuga alizokata kwenye tairi. Nilimwambia ajishonee vya harusi, akasema ataazima.

Septemba alipanda gari kuja Njombe ana homa, akalala mchana kutwa hajui hata nani kaingia. Mkewe akafunua blanketi upande wa miguuni.

Tandika karatasi sakafuni umpime. Ukimaliza, kama bado unataka kusimama Jumapili, simama.

Rebeka


Makambako,
Alhamisi, 14 Novemba 2024

Mama Brightness,

Nimetandika karatasi. Nimefunga mlango kwanza, nikavua katambuga, nikakanyaga, nikapitisha kalamu. Wateja wote nawaambia wasikaze vidole, na mimi nilikuwa nimevikaza. Nikatoka juu ya karatasi nikaitazama.

Kidole cha pili kimelipita gumba. Kile cha mwisho kimejificha.

Hata hapo sikukubali. Kalibu nimeshainyoa, haiwezi kuwa shahidi, kwa hiyo nikalala kwenye mkeka, nikainua mguu dirishani, mkono mwingine nimeshika simu na faili lako, nikawa naligeuza huku nageuza na mguu wenyewe. Stella aligonga kuleta chipsi akanichungulia kwenye ufa. Sijui amewaambia nini watu. Yule Marcelino niliyekuwa namchukia wiki zote hizi nilikuwa nimemwinua mwenyewe juu ya uso wangu.

Mtu anauona mguu wake kutoka juu tu, Rebeka, na anauona umesimama. Sikuwahi kuuona ukiwa umelala. Lakini hilo ni neno la fundi, na wewe hukuniuliza kama fundi. Nimekuwaza ubaya nikiwa na hakika kabisa, na hakika ile ilinipendeza, hilo ndilo baya zaidi. Nilikuwa napenda kuwa na hakika.

Nimevivaa. Nimefika navyo kwenye banda la Stella na kurudi, macho yamejaa machozi. Vinauma hasa pale nilipotumia msasa. Kuchapa kalibu nyingine na kushona upya hakuna muda kabla ya harusi tarehe 30, kwa hiyo nitaoa na hivihivi, ni haki yangu. Jumapili nakuja nimevivaa. Sitasimama. Nitakaa kimya nisikie jina langu likitajwa pamoja na lako, na baada ya ibada nitapiga magoti popote utakaposema.

Nisamehe. Sijui niandike nini kingine, nimeandika neno hilo.

Amon


Njombe,
Jumatatu, 18 Novemba 2024

Amon,

Nilikuona ukiingia. Nilikuwa kwenye kwaya, tunaonekana sisi na tunaona. Ulikuwa unachechemea, ukajifanya unamtafuta mtu ili usimame kidogo kila benchi, ukakaa nyuma kabisa. Viatu ni vizuri. Majani ya chai yanaonekana hata kutoka mbele.

Nilikuona pia wakati wa matangazo. Mchungaji alisoma kikao cha akina mama, akasoma sikukuu ya mavuno, akasoma ndoa ya watu wengine, akakunja karatasi. Uliendelea kumtazama kana kwamba ameruka mstari. Kisha ukanitazama mimi, na mimi nikatazama kitabu cha nyimbo. Tulipofika sadaka ulikuwa umeshatoka. Watu wanasema umeonekana ukienda stendi na soksi kwenye matope. Brightness ndiye aliyeviona viatu chini ya benchi, akavibeba mpaka nyumbani amevikumbatia. Anauliza baba amekwenda na nini miguuni.

Nilimwendea mchungaji Jumamosi nikamwomba asisome. Ulistahili kuambiwa mapema, lakini ningekupigia simu ungelia, na mimi ningelegea.

Kosa langu nalijua. Nilitaka kukufurahisha, nikamtunga mtu, nikamtungia na mgongo na ndugu. Tena nilikupima umelala, mguu haujabeba uzito, kwa hiyo vingekubana hata bila tupa yako. Uliliona kosa hilo siku ya kwanza ulipoishika kalibu. Ungeniambia tu nirudie.

Sikukasirika kwamba ulishuku. Blanketi letu, mguu wa mwanamume, hata mimi ningeshuku, na ningekuja na mwiko mkononi. Kinachoninyima usingizi ni tupa. Ulikaa ukanyoa taratibu, ukapiga msasa, ukashona vizuri ili mtu avae kwa furaha kisha aumie asijue kwa nini. Ulikuwa umetulia. Najiuliza siku nikikukosea kweli, na siku hiyo itafika kwa sababu mimi ni mtu, utaninyoa wapi na nitajuaje.

Sijavunja, Amon. Mama yako nimemwambia tumesogeza tarehe, akavua kilemba akakikunja vizuri akakirudisha kwenye mfuko. Tangazo la tatu mchungaji ameliweka ndani ya Biblia yake, ameniambia litakaa humo mpaka nitakaposema.

Jumamosi panda gari la asubuhi. Usilete barua na usipige magoti. Ambrose ataacha mashine imewashwa. Utavua hizo katambuga, utasimama sakafuni kwa miguu yote miwili na uzito wako wote, na nitakuzunguka na simu polepole, na wewe utanitazama nikifanya hivyo. Tutachapa kalibu nyingine. Viatu utavishona upya hapahapa karakana, mimi nimekaa pembeni naona kila mshono, na tutazungumza mpaka tuchoke, bila konda katikati. Vikikutosha, nitamwendea mchungaji.

Safari hii nataka nikupime ukiwa macho.

Rebeka